Jibu: Atom inagoma kuinstoo pakeji na siwezi hata kukomenti

Mambo mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye Atom, ile editor ya kuandikia kodi, apm (amri yake ya kuinstoo pakeji, yaani nyongeza) inakutupia erori kila ukiongeza pakeji, na ukienda kuripoti bagi huwezi kuandika kitu, ukaona moderita wamekufungia mdomo.

Hapo kwa moderita hapana, si wewe tu. GitHub walitangaza Juni 2022 kwamba Atom inazikwa, Desemba 15 mwaka huohuo wakaifanya repo yote (hifadhi ya kodi yake kule GitHub, ndiko bagi zilikuwa zinaripotiwa) ya kusoma tu, hakomenti mtu. Inaudhi kweli, maana kuna bagi zilifungwa na boti kisa zimekaa kimya, na sasa ndo zimebaki hivyohivyo.

Cheki kwanza hii: andika apm list --installed --bare halafu sevu hiyo orodha kwenye faili. Inasoma folda yako tu, seva haiihitaji. Kuinstoo ndo kumekufa, seva ya pakeji ilizimwa, kwa hiyo usipoteze usiku kufuta kache na kuchezea proksi.

Kisha weka Pulsar, ni Atom ileile iliyochukuliwa na jamii ikaendelezwa, na ina seva yake ya pakeji. Kopi config.cson, keymap.cson, snippets.cson na styles.less kutoka .atom kwenda .pulsar, ila folda ya packages iache, zenye moduli za kukompailiwa zitakusumbua bure, zivute upya na ppm install (ppm ndo apm ya Pulsar) moja moja kwa kufuata ile orodha. Mi nilifanya kwenye Linux, kwenye Mac sijaigusa, mwenye nayo aongezee.

Ikigoma bandika erori nzima hapa, siyo mstari wa mwisho tu.