Ubuntu haiioni SSD mpya
Ndugu, unasema BIOS (programu inayoanza kuwaka kompyuta ikiwashwa) inaiona hiyo SSD mpya ya NVMe (aina ya diski ya kasi) lakini ukisakinisha Ubuntu (mfumo wa Linux), ukifika pa kuchagua diski hakuna kitu. Usiirudishe dukani bado. Mimi hapa Kondele, Kisumu, nilifungua laptopu mara tatu kukaza ile skrubu ndogo ya SSD, kazi bure! Kumbe BIOS ilikuwa kwenye RST, yaani RAID (mfumo wa Intel wa kuunganisha diski), na hapo diski hufichwa, Linux isiione. Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa diski ulioandikwa SATA au VMD, toa RAID uweke AHCI (njia ya kawaida ya kusoma diski), au kama ni VMD uizime, hifadhi, kisha washa tena kwa flashi ya Ubuntu. Kama bado una Windows kwenye diski ya zamani, inaweza kugoma kuwaka, kwa hivyo nakili faili zako kwanza. Halafu andika lsblk (amri ya kuorodhesha diski) kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Ukiona nvme0n1, yaani diski ya NVMe, endelea kusakinisha, mradi stima isipotee katikati.