MP3 ilitangaza, CD ikalipa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mwanamuziki asiye na kampuni ya rekodi, miaka ile intaneti ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia majumbani, aliwezaje kutoa rekodi zake mwenyewe na kupata riziki kwazo? Watu wengi hujibu kwa neno moja tu, MP3, yaani faili la wimbo uliobanwa uwe mdogo, kana kwamba faili hilo dogo ndilo lililomlisha msanii. Silo. Kati ya 1997 na 2003 MP3 ilifanya kazi ya mpiga mbiu. Fedha zilitoka kwenye CD iliyotiwa ndani ya bahasha ikapelekwa posta. Aliyeijua tofauti hiyo mapema alidumu. Asiyeijua, kazi yake ilipotea, na kwa baadhi yao ilipotea moja kwa moja.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyoamua mambo. CD hubeba sampuli 44,100 kila sekunde, kila moja biti 16, mara mbili kwa kuwa kuna upande wa kushoto na wa kulia. Jumla ni megabaiti 10 na nusu hivi kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 ni megabaiti 42. Modemu ya 56k, kifaa cha kuiunganisha kompyuta na intaneti kwa laini ya kawaida ya simu, ilishusha kama kilobaiti 5 kwa sekunde siku laini ikiwa safi. Kwa mwendo huo wimbo mmoja ungechukua saa 2 na dakika 20. Ukibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde (biti 8 ni baiti moja), unabaki chini ya megabaiti 4 na unashuka kwa dakika 13. Hapo mtu anakubali kungoja. Lakini albamu ya dakika 45, hata ikibanwa hivyo, inarudi palepale penye saa mbili na ushei, na muda wote huo simu ya nyumbani haipatikani. Kule Marekani, wenye huduma ya kuarifiwa simu ya pili walikuwa na tabu zaidi: mlio wake ukiingia tu, modemu inakatika, na ndiyo maana watu walitanguliza *70 kabla ya namba ili kuuzima. Basi wimbo mmoja au miwili ilipita kwenye waya, na albamu ikapita posta.

Msanii mwenyewe alibanwa kuliko msikilizaji. Modemu za kiwango cha V.90, kilichotoka 1998, zilikuwa na kasi ya 56k katika kushusha tu. Katika kupandisha hazikuvuka kilobiti 33.6. Wimbo uleule wa dakika 4 ulihitaji zaidi ya robo saa kupanda, na laini ikikatika karibu na mwisho, mara nyingi kazi ilianza upya.

Kubana wimbo nako kuna ufundi, na hapa ndipo rekodi nyingi nzuri zilipoharibiwa na wenyewe. Kwa kilobiti 128, programu nyingi za wakati huo zilitupa kila kitu kilicho juu ya kilohezi 16. Hilo peke yake wasikilizaji wengi hawakulisikia. Walichosikia ni matoazi yanayochuruzika kama maji, na chanzo chake mara nyingi kilikuwa mvumo wa kanda. Mvumo wa kinasa cha kaseti chenye njia nne, cha kurekodia nyumbani, unaenea kwenye masafa yote, na programu ya kubana haiwezi kujua kwamba huo si muziki, kwa hiyo inautumia biti ambazo zingekwenda kwenye sauti ya mwimbaji. Rekodi ya nyumbani ilihitaji kusafishwa mvumo kidogo kabla ya kubanwa, hata kama kwenye CD mvumo huo haukumsumbua mtu. Nasema kidogo kwa sababu ukisafisha kupita kiasi unazalisha mlio wa kengele-kengele ambao ni mbaya kuliko mvumo wenyewe.

Kasoro ya pili ilijitokeza kwenye mapigo makali. MP3 hushughulikia sauti kwa vipande vya sampuli 1,152, yaani milisekunde 26 hivi, na kelele inayozaliwa na kubana husambaa ndani ya kipande. Pigo la ngoma likija baada ya ukimya, kelele yake husikika kabla ya pigo lenyewe. Programu nzuri huligundua pigo na kutumia vipande vifupi zaidi. Zile za haraka zilipuuza hatua hiyo. Ndiyo sababu mradi wa LAME, programu ya bure ya kubana MP3, ulioanza 1998, uliwafaa sana wasanii wasio na fedha. Kasoro ya tatu ni ya wapenda makelele: masta, yaani rekodi ya mwisho ya kunakiliwa, iliyosukumwa mpaka ukingoni mwa sifuri, kiwango cha juu kabisa cha sauti ya kidijitali, ikishabanwa, vilele vyake huvuka ukingo na kupasuka wakati wa kuchezwa. Kuacha desibeli moja ya nafasi mara nyingi kulitosha kuzuia balaa hilo.

Sasa angalia lebo iliyobandikwa ndani ya faili, kwa sababu jina la msanii lilitegemea baiti chache mno. ID3 ya kwanza, iliyobuniwa 1996, ina baiti 128 tu: herufi tatu TAG, kisha 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya aina ya muziki. Jina la bendi lenye herufi 34 linakatwa bila taarifa. Baya zaidi, baiti hizo 128 hukaa mwishoni kabisa mwa faili. Mtu akipakua asilimia 95 ya wimbo kisha laini ikakatika, wimbo unacheza vizuri tu, ila hauna jina la mtu yeyote. Napster, programu ya watu kubadilishana mafaili ya muziki, ilipofika 1999, mafaili ya namna hiyo yalizagaa, na nyimbo za wasiojulikana zikabandikwa majina ya maarufu. Kinga ilikuwa rahisi: andika jina la msanii na la wimbo kwenye jina la faili lenyewe, kisha ile nafasi ya maelezo ya herufi 30 uijaze anwani ya tovuti, wala usiiache programu ya kubana iweke tangazo lake humo.

Tuje kwenye CD. Kwa idadi ndogo, msanii alichoma mwenyewe. Kwa kasi ya mara 4 ya kuchezwa, diski ya dakika 74 huchukua dakika 18 na nusu, na ukiongeza kufunga diski unafika kama 20. Diski 50 ni saa 17 za kukaa na kompyuta. Mashine ilihitaji data kama kilobaiti 700 kila sekunde bila kukoma. Yenye bafa, yaani ghala dogo la data ndani yake, ya megabaiti 2 ilikuwa na akiba ya sekunde 3 tu: kompyuta ikishughulika na jambo jingine kwa muda huo, bafa inakauka na diski inakuwa ya kutupwa. Kwa hiyo aliyejua kazi alitengeneza kwanza taswira nzima ya diski kwenye diski kuu, akazima programu ya kuzuia virusi na ile ya kulinda skrini, akachomoa waya wa simu, ndipo akachoma, tena kwa kasi ya chini. Teknolojia ya BURN-Proof ya Sanyo, iliyokuja 2000, iliondoa hofu hiyo kwa kuifanya mashine isimame na kuendelea palepale ilipoishia.

Kuna mitindo miwili ya kuchoma, na kuichanganya kuligharimu watu fedha. Ukichoma wimbo mmoja mmoja, mwali wa leza unaochoma huzimwa na kuwashwa kila baada ya wimbo, na kwa kawaida kunabaki pengo la sekunde 2. Albamu ya tamasha, ambayo makofi hupita kutoka wimbo hadi wimbo, inakatwakatwa vibaya. Tena kiwanda hakiikubali diski hiyo kuwa masta, kwa kuwa pale mwali ulipozimwa husomeka kama makosa yasiyorekebishika. Diski ya kupeleka kiwandani ilipaswa kuchomwa yote kwa mkupuo mmoja, ikaambatana na karatasi ya saa za kuanza kwa kila wimbo, na isiguswe kwa vidole wala kubandikwa chochote. Kiwandani huwa inatengenezwa masta ya kioo, na gharama yake ndiyo iliyofanya oda ianzie kwa kawaida 500 au 1,000. Hapo ndipo wengi walipojikwaa: CD 1,000 ni nyingi sana kwa mtu ambaye watu 80 tu ndio wanaomwandikia.

Lebo za karatasi za kubandika nazo zilileta hasara. Ikibandikwa kando kidogo ya katikati, diski inayumba ikizunguka kwa kasi. Gundi ikipata joto la garini, karatasi inavimba na diski inakwama ndani ya mashine. Kalamu ya wino wa maji, au mashine ya kuchapa juu ya diski yenyewe, ilikuwa salama zaidi.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa ni CDDB, hifadhidata ya majina ya CD kwenye intaneti. Programu za kuchezea CD zilitambua diski kwa kupiga hesabu ya mahali kila wimbo unapoanza, kisha zikaomba majina kwenye hifadhidata hiyo. Majina yaliingizwa na watumiaji. Msanii asipoyatuma yeye kwanza, msikilizaji wa kwanza aliyeitia CD kwenye kompyuta aliyaandika anavyojua, na makosa yake yakasambaa kwa wote. Na toleo la pili likibadilishwa mapengo, namba ya utambulisho inabadilika na majina yanapotea, hivyo yatumwe tena.

Kuhusu mauzo, tofauti ya njia mbili inaeleza karibu kila kitu. Tovuti ya MP3.com ya Michael Robertson, San Diego, iliruhusu mtu yeyote kupandisha nyimbo zake bure, na mnunuzi akitaka CD ikachomwa palepale alipoiagiza, bila msanii kuweka akiba ya mali. Mapato yaligawanywa nusu kwa nusu. Urahisi huo ulivutia, lakini CD hizo zilitengenezwa kutoka MP3 zilezile za kilobiti 128, kwa hiyo mnunuzi alilipia diski yenye kasoro zote nilizoeleza juu. CD Baby, duka la mtandaoni aliloanzisha Derek Sivers 1998, ilidai msanii alete CD zake halisi. Ada ilikuwa dola 35 kwa albamu, na kila CD ikiuzwa duka lilikata dola 4. Albamu ya dola 12 ilimwachia msanii 8, na malipo yalitoka kila wiki. Mnunuzi alipata sauti kamili, na msanii alibaki na masta mkononi.

Anwani za barua pepe zilikuwa na thamani kuliko idadi ya waliopakua. Ndani ya kila CD ilitiwa kadi ya kujaza anwani na mji, ili msanii ajue wapi pana watu wa kutosha kwa onyesho. Barua yenyewe iwe maandishi matupu, yenye kiungo. Kuambatisha wimbo lilikuwa kosa kubwa: faili likiambatishwa huongezeka kwa theluthi, hivyo megabaiti 3.8 huwa 5, ilhali sanduku la bure la Hotmail lilikuwa na megabaiti 2. Barua ilirudi, au ilizuia nyingine zote za mpokeaji.

Kwa upande wa haki, nitagusia mtego mmoja tu. Aliyerekodi wimbo wa mtunzi mwingine Marekani alidaiwa mrabaha kwa kila nakala. 2000 na 2001 ulikuwa senti 7.55 kwa wimbo usiozidi dakika 5, yaani dola 75.50 kwa CD 1,000. Wengi walilipia CD hizo kisha wakauweka wimbo huohuo bure kwenye tovuti, bila kujua kwamba tangu sheria ya 1995 kila mara ulipopakuliwa nayo ilihesabiwa kuwa nakala.

MP3.com iliingia matatani kwa huduma yake ya Januari 2000 ya kuwawezesha watu kusikiliza CD zao kupitia intaneti, ikashindwa mahakamani na kampuni ya rekodi ya Universal, ikanunuliwa na Vivendi Universal 2001. Mwishoni mwa 2003 CNET, kampuni ya habari za teknolojia, ilinunua jina, na mafaili ya wasanii yakaondolewa. Aliyekuwa amefuta WAV zake, yaani mafaili ya sauti yasiyobanwa, ili kupata nafasi kwenye diski, akiamini nakala ipo kule, alibaki na MP3 kama alikuwa nayo. Mwaka huohuo, 28 Aprili, Apple ilikuwa imefungua iTunes, duka la kuuza nyimbo kwenye intaneti, na CD Baby ikaanza kuwapelekea wasanii wake huko kwa kukata asilimia 9: kwa wimbo wa senti 99, msanii alipata kama senti 63. Mafaili hayakuombwa kwa msanii. Yalitolewa kwenye CD ambayo tayari ilikuwa ghalani, na aliyekuwa na CD pale alichohitaji ni kukubali mkataba tu.