Kidonda cha unyayo kwa mwenye kisukari: mtoeni mzee kwenye mguu huo kwanza

Mkuu, pole kwa kuuguza, na mzee mfikishie salamu. Umesema ana kisukari cha muda mrefu, kidonda kiko unyayoni chini ya kidole gumba, kina miezi minne na hakimuumi. Kila siku mnakiosha kwa haidrojeni peroksaidi na kunyunyizia unga wa kapsuli, na sasa unatafuta dawa ya kupaka iliyo kali zaidi. Mimi ni muuguzi, nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha kufungia vidonda hapa Dar es Salaam, na vidonda vya namna hii ndivyo vinavyojaza foleni yetu.

Kilichonishtua kwenye maelezo yako ni kwamba hakimuumi. Mtu mwenye mishipa ya fahamu iliyo salama, kwa kidonda kama hicho angechechemea, angekanyagia kisigino, angekaa kitandani. Mzee ana ganzi, kwa hiyo anakikanyaga sawasawa: msikitini, dukani, chooni. Nyama changa iliyoota usiku inapondwa asubuhi. Ganzi ya kisukari si jambo dogo. Dkt. Zulfiqarali Abbas, daktari wa kisukari wa hapa Dar, na wenzake waliwahi kuandika juu ya wagonjwa walioguguniwa miguu na panya wakiwa usingizini, wasijue mpaka kunakucha.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuuondolea mguu uzito. Njia yenye nguvu kuliko zote ni POP maalumu (plasta ngumu kama ya mtu aliyevunjika) inayoshika mguu kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Inausambaza uzito ili usitue sehemu moja, na hubadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili na mtu anayeijua kazi hiyo. Haifungwi ikiwa damu haifiki vizuri mguuni au kuna usaha wa ndani. Ikikosekana, kuna kiatu cha kupunguza mgandamizo, magongo, au kiti cha magurudumu. Wagonjwa wengi huikataa POP kwa sababu inawasimamisha kazi, na ninawaelewa. Namkumbuka mama ntilie mmoja aliyemaliza kila aina ya malhamu. Alikubali POP siku dada yake alipojitolea kumshikia banda, na kidonda kikaanza kufunga bila dawa mpya yoyote. Kwa hiyo kaeni kikao cha familia mjue nani atabeba majukumu ya mzee, maana POP haitafaa kitu ikiwa atalazimika kutoka kila siku.

Pili, damu. Omba apimwe presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, kisha ya mguu igawanywe kwa ya mkono. Kawaida ni kati ya 0.9 na 1.3; ikiwa chini ya hapo, damu haifiki vizuri. Kwa wenye kisukari mishipa inaweza kuwa imekakamaa hata namba ikatoka kubwa kwa udanganyifu, hivyo msiridhike nayo peke yake. Ombeni pia ultrasaundi ya mishipa ya damu. Mshipa ukiwa umeziba, aonwe kwanza na daktari wa upasuaji wa mishipa, maana nyama isiyopata damu haioti.

Tatu, sugu linalozunguka kidonda na nyama iliyokufa vikatwe kwa wembe wa hospitali, na mtaalamu. Msijaribu nyumbani. Hapo hapo ataingiza kijiti cha chuma kwa upole; kikigota mfupa, ombeni eksirei, kwa sababu mfupa ulioambukizwa hudai antibaiotiki za wiki kadhaa, na wakati mwingine upasuaji.

Hiyo haidrojeni acheni leo. Inaua na chembe changa zinazojenga nyama. Unga wa kapsuli nao unagandia juu na kuficha kinachoendelea chini. Osheni kwa maji ya chumvi ya hospitali, mfunike kidonda kibaki na unyevu kiasi. Tangu 1962, mtafiti George Winter alipofanya majaribio yake kwa nguruwe, inajulikana kuwa ngozi hufunika haraka penye unyevu kuliko palipoachwa pakauke. Asali iliyosafishwa kwa matumizi ya hospitali haina ubaya, lakini haitashindana na uzito wa mwili. Mashine za kunyonya majimaji ni nzuri, hasa baada ya upasuaji. Msiuze shamba kwa ajili yake kabla ya hayo matatu.

Pimeni upana wa kidonda kila wiki kwa rula na mpige picha. Wiki 4 za matibabu sahihi zikipita bila kupungua hata nusu, rudini daktari atafute sababu nyingine, ikiwemo kukata kinyama kupima saratani.

Akipata homa, mguu ukavimba na kuwa mwekundu, ukatoa harufu au kidole kikawa cheusi, msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni usiku huohuo. Majibu ya mishipa ya damu yakitoka, yaweke hapa tuendelee.