Kengele ya seli ya 37: kwa mafundi wapya wa betri za vituo vya umeme

Jana kijana mmoja wa zamu, Mswahili mwenzangu aliyeingia kazini mwaka huu, alinitumia picha ya skrini na swali: "Kaka, kengele ya ukinzani ya seli ya 22 inalia kila jioni, naomba unielekeze namna ya kuinyamazisha." Swali hilo nililiuliza mimi miaka 11 iliyopita, na kwa bahati mbaya nikajijibu mwenyewe. Basi nawaandikia nyote mnaoingia katika kampuni za umeme huku Marekani.

1. Hesabuni miezi ya kalenda kama inavyoihesabu PRC-005, kiwango cha lazima cha matengenezo ya mifumo ya kinga ya gridi: betri iliyokaguliwa siku yoyote ya Januari, kwa ukaguzi wa kila miezi 4, mwisho wa ukaguzi unaofuata ni tarehe 31 Mei.

2. Ufuatiliaji wa mbali unawaondolea ukaguzi wa yale tu ambayo kifaa kinayapima na kuyatolea kengele. Hakuna kifaa chetu kinachoona fremu ya betri iliyoota kutu, kwa hiyo kila miezi 18 mtapanda gari mwende, theluji isiwe kisingizio.

3. Volti ya chaja si afya ya betri. Kwenye safu ya seli 60, chaja itaendelea kuwaonyesha volti 135 hata kama seli moja imekatika ndani, kwa kuwa wakati huo mzigo wote umebebwa na chaja.

4. Kipimo cha msingi, yaani ukinzani wa kila seli uliopimwa betri ilipopokelewa, hakiguswi. Hapa niacheni niungame.

Ilikuwa Novemba, nami nikiwa zamu ya kupigiwa simu nyumbani. Kituo kimoja kidogo kilikuwa na betri za kuzibwa, na kengele tulikuwa tumeiweka ilie pale ukinzani wa ndani wa seli unapopanda kwa asilimia 30 juu ya kipimo cha msingi. Seli ya 37 ilipanda hadi asilimia 31, ikashuka hadi 29, ikapanda tena, na kila ilipopanda simu yangu iliita. Usiku wa tatu, saa tisa, mtoto wetu mchanga akaamka. Nikafungua kompyuta, nikaona kwenye menyu mahali pa kuweka msingi mpya, nikabonyeza. Kengele ikanyamaza, nami nikalala usingizi mzito kabisa. Seli haikuwa imepona. Nilikuwa nimeiambia mashine kwamba ugonjwa wa usiku ule ndio uzima, ihesabu asilimia 30 nyingine kuanzia hapo.

Februari umeme wa ndani wa kituo ulizimwa kwa matengenezo yaliyopangwa. Chaja ilipozimika, mzigo wote uliiangukia betri, na kipande cha madini ya risasi kilicholika ndani ya seli ya 37 kikakatika. Rilei, vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru breka zifunguke, zikazima. Chumba cha uendeshaji kikapoteza kituo kizima, maana hata kifaa cha kutuma kengele kilikuwa kinakula betri hiyo hiyo. Kwa dakika 11 hapakuwa na kitu cha kufungua breka endapo laini ingepata hitilafu. Haikupata, na hiyo haikuwa sifa yetu.

Kisha zikaja karatasi. Kiwango kinadai kasoro iliyoonekana ishughulikiwe, na mimi nilikuwa nimeifuta isionekane, kwa hiyo kampuni ikajiripoti kwa wasimamizi wa kiwango hicho. Kwenye kumbukumbu za kifaa jina langu lilikuwepo pamoja na saa, dakika na sekunde. Msimamizi wangu hakunigombeza; alinisomea mstari ule mara mbili, akaniuliza mtoto anaendeleaje.

5. Kengele ifike ndani ya saa 24 mahali ambapo hatua inaweza kuanza kuchukuliwa. Njia ya kengele isiyojifuatilia yenyewe inathibitishwa walau kila miaka 12, ila msisubiri: kila mkienda kituoni izueni kengele moja, muone kama kuna atakayepiga simu.

Nawe mdogo wangu wa seli ya 22, vaa glavu na miwani, chukua kipimo cha mkono, ukaipime hiyo pamoja na jirani zake, ya 21 na ya 23, kisha unitumie namba zote tatu na karatasi ya msingi ya siku betri ilipopokelewa. Leo usiku simu iache iite.