Je, damu ya kijana wetu inafugwa maabara?

SWALI: Habari daktari. Mtoto wa dadangu ana leukimia, walimtoa damu na uboho pale kiunoni. Sasa jirani anasema seli za saratani ya damu hazifi, eti wazungu wanazifuga na kuziuza. Ni ukweli? Na za kijana wetu ziko huko? – Mama Akinyi, Kondele, Kisumu

JIBU: Pole sana Mama Akinyi. Jirani hajadanganya, ameongeza chumvi tu. Kuna seli zinaitwa K562, zilitoka kwa mama wa miaka 53 huko Marekani mwenye leukimia sugu, walitumia maji yaliyojaa kando ya mapafu yake, na tangu habari zake ziandikwe 1975 bado zinazaana na zinauzwa kwa watafiti. Dawa kama imatinib, ile ya leukimia sugu, hujaribiwa kwa seli za aina hiyo kabla ifikie mgonjwa.

Lakini kuanzisha seli mpya za kufugwa kutoka kwa mgonjwa ni kibarua! Zinawekwa kwa chupa yenye maji ya chakula na seramu (maji ya damu) ya ndama, joto digrii 37, hewa ya ukaa asilimia 5. Hazishiki chini, zinaelea tu, na yale maji huwa ya pinki, yakianza kugeuka manjano ujue zimeyachafua, ongeza mengine. Hapo ni kama zimekubali kuishi, maana nyingi zinakufa wiki za kwanza kwa kukosa ule uboho zilizoea. Na saa zingine unafurahi zimeota kumbe si saratani, ni seli za mgonjwa zisizo na saratani zilizoingiwa na virusi vya Epstein-Barr, vilevile vinavyohusishwa na ule uvimbe wa taya wa watoto huku kwetu ziwani, Burkitt. Ndio maana lazima jeni zake zilinganishwe na za seli za saratani zilizotolewa kwa mgonjwa mwenyewe.

Sasa za kijana: sampuli ya kupima ugonjwa kwa kawaida inapakwa kwa kioo, inatiwa rangi, inaangaliwa kwa darubini, na nyingine inaenda kwa mashine. Haifugwi izaane miaka na miaka. Wakitaka ya utafiti wanafaa kumwomba mzazi asaini, na akikataa matibabu hayafai kubadilika hata kidogo. Dadako aombe kuona fomu alizosaini, akipata neno utafiti aulize ni upi na sampuli inawekwa wapi. Na tafadhali kliniki asikose juu ya maneno ya jirani.