Moshi unaouona kwenye satelaiti ndo huo unaoupumua? Maswali yenu ya wiki hii

Meseji za moshi zimejaa tangu msimu wa kuchoma uanze, nimechukua chache nazijibu hapa kwa mpigo. Mimi mwenyewe nina pumu na kila ikifika mwezi wa nane naamka na hizi picha za satelaiti, kwa hiyo hili jambo nalichukulia kwa uzito wote.

Nimefungua ramani ya moto ya NASA nikakuta kusini mwa Tanzania, Zambia, Katanga mpaka Angola kote doti nyekundu. Jamani tunateketea? (Songea)

Hatuteketei kaka, tulia kwanza. Ile ramani inaitwa FIRMS na kila doti ni sehemu ambayo satelaiti imepita ikakuta joto lisilo la kawaida, basi. Kipimo kinachoitwa VIIRS, kilichofungwa kwenye satelaiti, kinaigawa ardhi vipande vya mita 375, sa hata kama kinachoungua ni kashamba tu ka ekari mbili wewe unaletewa doti nzima, na ukiitazama ramani kwa mbali doti zinashikana unaona nchi yote imewaka. Mwezi wa 6 mpaka wa 10 ndo kiangazi cha miombo, yaani misitu yetu ya miti iliyoachana na nyasi chini, watu wanasafisha mashamba, wafugaji wanachoma nyasi kuukuu ili zichipue mpya, wawindaji nao hawako nyuma, ndo maana Afrika peke yake inabeba zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka.

Ila shika hili: doti sio moshi. Doti ni mzizi, moshi wenyewe unaenda na upepo, na kipindi hicho mwingi unasukumwa magharibi unapita Angola unatokea juu ya Atlantiki. Unaweza ukazungukwa na doti ukavuta hewa nzuri, na mwenzako asiye na hata doti moja akashinda anakohoa.

Moshi na wingu navitofautishaje kwenye picha? Mimi vyote naona vyeupe. (Lubumbashi)

Fungua NASA Worldview, tovuti ya picha za satelaiti, kwenye simu, ni bure na haitaki akaunti, washa picha ya kawaida ya satelaiti ya NOAA-20 alafu juu yake weka doti za moto. Wingu ni jeupe pe, lina mabonge, na mara nyingi kivuli chake unakiona kimelala pembeni. Moshi ni wa kijivu au bluu iliyochafuka, ardhi unaiona kwa chini kama unachungulia kwenye chandarua, na umbo lake ni kama unyoya, huku umechongoka kule umetanuka. Itafute ile ncha. Ikiwa imegusa doti ushaupata moto wenyewe, na unyoya ulikoelekea ndo upepo ulikokuwa unaenda saa ile.

Ukitaka kuona kilicho chini ya moshi tumia picha za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, za infraredi ya mawimbi mafupi, yaani mwanga ambao macho yetu hayauoni. Kwenye rangi za kawaida moshi unaziba kila kitu, ukihamia huko unakuwa kama umepanguswa, unabaki mstari wa moto unaong'aa na nyuma yake pale palipokwisha kuungua. Kwa moto wa mlimani kama ule wa Kilimanjaro ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona, ambao mamia ya watu walipanda kuuzima kwa matawi na majembe, picha ya namna hiyo inaweza kumwambia mtu aliye chini moto umekaa upande gani wa bonde. Shida ni kwamba Sentinel-2 inarudi kila baada ya siku 5 na moto haungoji, kwa hiyo katikati inabidi utumie Meteosat, satelaiti ya hali ya hewa, ambayo haioni vizuri vitu vidogo lakini inapiga picha mpya kila baada ya dakika 10 hadi 15.

Picha inaonyesha mji wetu umefunikwa na moshi wa Kanada, nikitoka nje hata harufu hakuna. Satelaiti inadanganya? (Minneapolis)

Haidanganyi dada, ila picha inatazama kutoka juu na haijui moshi uko kimo gani. Moshi wa moto mkubwa unaweza kupanda kilomita kadhaa ukasafiri huko huko juu, wewe chini unaona tu jua limekuwa jekundu. Siku nyingine hewa inaushusha, kama New York tarehe 7 Juni 2023 ambapo moshi wa Quebec ulishuka mpaka barabarani na anga likawa la chungwa mchana kweupe, na mwishoni mwa mwezi huo huo mwingine ukavuka bahari ukafika Ulaya. Kwa hiyo picha ikikuonyesha moshi, nenda kwenye ramani ya hewa ya Marekani ya AirNow uangalie namba ya PM2.5, yaani vile vichembe vidogo vinavyoingia mpaka ndani ya mapafu, ya kipimo kilicho karibu na nyumba yako. Hiyo ndo hewa ya puani.

Usiku je? (Moshi mjini)

Joto linaonekana usiku vizuri tu, satelaiti zenye VIIRS zinapita kwenye saa 7 na nusu mchana na tena saa 7 na nusu usiku. Moshi ndo mgumu, labda mwezi uwe mpevu.

Mwanangu ana pumu, nitajuaje kama kesho kutakuwa na moshi? (Mbeya)

Pole sana mama, hili najua linavyokosesha usingizi. Fungua Windy, app ya hali ya hewa, chagua PM2.5, inatumia utabiri wa Copernicus wa Ulaya ambao unachukua moto ulioonwa na satelaiti unausukuma kwa upepo wa siku zijazo. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa PM2.5 wa saa 24 usivuke maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wewe ukiona rangi inapanda kuja kwenu jioni, anua nguo mapema, funga madirisha, usipikie mkaa ndani siku hiyo, na pampu yake iweke mahali ambapo hata gizani unaipapasa unaipata.