Muulize Ana Karatasi Gani

Mdogo wangu Rehema,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili ndani ya basi, nikapitiliza kituo changu. Unaniambia kwamba huko Tanga mnasikia niliacha ndoa kwa sababu serikali ya Uingereza humpa nyumba na fedha kila mwanamke anayemshtaki mumewe, na kwamba Shangazi anasema Ulaya imenilevya. Kisha mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, unanieleza kuwa umeposwa na kijana anayeishi Luton, hukuhuku Uingereza, na kwamba "ana makaratasi". Uvumi umenikasirisha, ila hilo la makaratasi limenitisha.

Uvumi huo nilichangia kuulea mwenyewe. Kwa miaka minne niliwatumia picha za theluji na za madaraja, nami nimevaa koti la kuazima. Sikuwaambia kwamba mshahara wangu wa kufagia ofisi usiku uliingia katika akaunti ya mume wangu, wala kwamba fedha za ada yako nilizidokoa katika nauli, nikawa narudi nyumbani kwa miguu saa kumi na moja alfajiri. Kwa hilo la kuwaficha nawaomba radhi. Lakini nami nawauliza: mngenijibu nini? Nilipomgusia Mama jambo lenyewe, tena kwa mafumbo, aliniambia ndoa ni stara na akahamia kwenye bei ya mabati.

Nilikuja mwaka 2015 kwa viza ya mke wa mtu. Viza ile huandikwa sharti kwamba mwenye nayo haruhusiwi kutegemea fedha za umma, na sharti hilo ndilo fimbo yenyewe, maana nyumba salama za wanawake hapa hujiendesha kwa sehemu kubwa kwa ruzuku ya kodi ya nyumba, na asiye na haki ya ruzuku mara nyingi hujibiwa kwamba hakuna nafasi. Mume wangu aliyajua hayo. Hakuhitaji kunifungia mlango. Alikuwa akisema tu kwamba akipiga simu moja uhamiaji, kesho yake ningepandishwa ndege.

Siku niliyoita polisi alikuja askari kijana, mpole, akaniangalia usoni kwa tochi na kuandika kwamba haoni alama. Ngumi kwenye ngozi yetu haiachi zambarau la kuonekana kwa mbali. Hujitambulisha kwa uvimbe na kwa joto ukiigusa, na yeye hakuwa amefundishwa hivyo. Kituoni nikapewa mkalimani wa simu. Nikasema kwa adabu tuliyofunzwa nyumbani, "alinifanyia vibaya", naye akatafsiri kwamba mume wangu hakunitendea vizuri. Basi ikaandikwa hivyo, kama malalamiko ya mtu aliyepewa chai ya baridi. Hadi leo sijui nimlaumu mkalimani au nizilaumu adabu zetu.

Walioniokoa ni wanawake weusi wenzangu, wanaokutana mara mbili kwa wiki katika chumba cha nyuma cha kanisa, na jina la kikundi chao silitaji kwa sababu wapo wanaume wanaokitafuta. Nilipelekwa na mfanyakazi mwenzangu Mjamaika. Siku ya kwanza hakuna aliyenitaka nijaze fomu. Mama mmoja aliona nywele zangu zilivyosokotana, akaniketisha na kunisuka twende kilioni, na mwingine, mzaliwa wa Bukavu, akaketi mbele yangu na kuniuliza kwa Kiswahili chao cha Kivu, bila kupepesa macho, kama mume wangu alinibaka. Mama huyo wa mashariki mwa Kongo ametoka katika mji wa hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, anayewatibu wanawake waliobakwa vitani na aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na kwao neno hilo limelazimika kutamkwa mchana kweupe. Nilimjibu kwamba mume hambaki mkewe. Akaniambia kwamba hapa Uingereza mahakama ya juu kabisa iliikataa hoja hiyo tangu mwaka 1991. Sikumlaumu kwa kunishangaa. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 humtambua mume kuwa mbakaji pale tu wanandoa wanapokuwa wametengana, nami nililelewa ndani ya sheria hiyo bila kuijua.

Wao ndio walionieleza jambo ambalo askari, daktari na mwajiri hawakunieleza: kwamba tangu mwaka 2012 uko utaratibu unaomruhusu mke aliyekuja kwa viza kama yangu, ndoa ikivunjika kwa ukatili, kupewa miezi mitatu ya kupata msaada wa serikali na mahali pa kulala, na ndani ya miezi hiyo aombe ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Hiyo ndiyo "nyumba na fedha" ya Shangazi. Chumba changu kilikuwa na kitanda kimoja, jiko nililitumia pamoja na familia tano, na barua za kuthibitisha kwamba nilipigwa nilizikusanya mojamoja, huku nikirudia kisa kilekile mbele ya watu nisiowajua.

Usidhani nawapamba. Kikundi kile hakina fedha, simu yake huita bila kupokelewa siku za Ijumaa, na mmoja wao aliwahi kupeleka habari zangu kwa watu wa mtaani, nikanuna mwezi mzima. Lakini wanajua kwa nini wapo. Hapa London, mwaka 2014, katika mtaa wa Hackney, Valerie Forde na binti yake ambaye hakuwa hata ametimiza miaka miwili waliuawa na mwenzi wake wa zamani, baba wa mtoto huyo. Valerie alikuwa amekwisha kuwaeleza polisi kwamba mtu huyo alitishia kuichoma nyumba na waliomo, nao wakaliandika kuwa tishio dhidi ya mali. Kutokana na msiba huo likaanzishwa shirika la Sistah Space, linalodai sheria ya kuwafundisha polisi na watumishi wengine namna ya kumsikiliza mwanamke mweusi. Zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi hilo, Bunge likalijadili mwaka 2022, na serikali wakati huo haikukubali kutunga sheria hiyo. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka askari wangu na tochi yake.

Sasa wewe. Usije. Au njoo, maana siwezi kukunyima nilichokipata mwenyewe, lakini muulize kwanza huyo kijana ana karatasi gani hasa. Akiwa raia au mkaazi wa kudumu, utakuja kwa njia niliyoijia mimi, na mlango wa kutokea upo. Akiwa mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba, ujue kwamba mke wake amefunguliwa ile miezi mitatu tangu Februari 2024 tu, na mwisho wake hakuna ukaazi unaomngoja. Hasira akiulizwa swali hilo ni jibu tosha. Huenda pia ni mtu mwema na mimi ndiye niliyeungua nikaogopa hata majivu. Mpe nafasi, ila pasipoti yako asiishike hata kwa dakika moja, na anwani ya barua pepe inayofungulia viza yako iwe yako peke yako, kwa kuwa siku hizi viza zenyewe zinakaa mtandaoni.

Mambo ya ndani usiyatangaze ovyo. Hapana, nimekosea, hayo ndiyo maneno ya Mama. Yatangaze, na uanze kwangu. Na ukijikuta huwezi kusema kwa sababu yuko chumbani, piga 999 kwa simu ya mkononi, kisha ukiambiwa ubonyeze 55, bonyeza. Utaunganishwa na polisi bila kutamka neno. Ukiwapata, usiseme "alinifanyia vibaya".

Shangazi msomee ujumbe huu wote, pamoja na mahali nilipomtaja. Mama usimsomee, nitampigia mwenyewe Jumapili. Na kabla hamjapokea mahari, nitumie picha ya hiyo karatasi ya mchumba wako, au ya viza yake ya mtandaoni, nimpelekee mama wa Bukavu aisome.